Kamera ya Mvua na Walinzi Wawili

Kuna mwanamke mtaani watu wanamwita Tabasamu, na usoni kwake hakuna tabasamu hata la dawa. Jina alilipata zamani, enzi za harusi. Alikuwa anapanda juu ya kiti mbele ya ukoo mzima, anapiga kelele, "Haya, tabasamu! Mjomba, na wewe, hapa si mahakamani!" Watu wanaangua kicheko, yeye anabonyeza. Ndivyo alivyopata studio yake: chumba kimoja, pazia la bluu, stuli, kioo cha kuchania nywele, taa mbili zimefungwa kwa waya.

Halafu zikaja simu, na kila mtu akawa mpiga picha. Harusi wakapewa mabinamu wenye simu kubwa. Picha za vitambulisho, ofisi zikaanza kupiga zenyewe. Tabasamu akabaki anafuta vumbi kwenye stuli mpaka stuli ikawa inang'aa kuliko maisha yake.

Kazi iliyobaki ni ile ambayo hakuna binamu anayeigombania. Tabasamu anapiga picha maiti.

Usikunje uso, lazima kuna mtu aifanye. Tena si maiti wenye ndugu zao, hao wana watu wa kuwalilia. Yeye anapiga wale wasio na mwenyewe. Mji umekaa bondeni, mto unapita katikati, na kila msimu wa mvua mto unaingia vyumbani kwa watu bila hodi. Unabeba magodoro, unabeba mbuzi, unabeba watu. Miili inaokotwa kule chini, kwenye matope. Friji la hospitali ni dogo, na linafanya kazi siku likijisikia. Kwa hiyo manispaa inazika haraka, siku hiyohiyo, kila mtu na kaburi lake, kichwani kibao chenye namba. Kabla hawajazikwa wanalazwa juu ya turubai, uwanja wa nyuma wa hospitali, nje, maana ndani hakuna nafasi. Hapo ndipo Tabasamu anapowapiga. Picha zinabandikwa kwenye ubao mbele ya kituo cha polisi. Wewe uliyepotelewa na mtu unapita, unatazama. Ukimwona wako, unaambiwa namba, unaenda kumlilia. Usipomwona, unarudi kesho.

Njia nyingine hakuna. Hakuna mtaalamu atakayeshuka kwenye gari na sanduku la vipimo. Ni picha ya Tabasamu, au mtu wako amepotea moja kwa moja.

Na yeye alikuwa na utaratibu wake. Anasimama miguuni. Anapiga mwili mzima, kibao cha namba kionekane. Halafu anashika lenzi, anaivuta, uso unajaa. Anabonyeza. Anavuta kwenye mikono, kwenye nguo, kwenye kovu kama lipo. Kisha anapiga hatua pembeni, anasimama miguuni kwa mwingine. Hajawahi kuinama. Muulize yeyote aliyefanya naye kazi, atakwambia: yule mama miguu yake haijawahi kukanyaga turubai.

Msimu uliopita kamera yake ya zamani ilikufia mikononi katikati ya mvua. Alikuwa ameivisha mfuko wa mkate, ameufunga kwa mpira, tundu mbele la kutokea lenzi, na kila baada ya picha alikuwa anafuta skrini na kuikagua picha kabla hajaenda kwa mwingine. Haikusaidia. Kamera iliandika herufi zisizosomeka, ikatoa mlio kama panya aliyekanyagwa, ikazima. Waliokuwa bado kwenye turubai wakazikwa bila sura. Kuna baba mmoja akawa anakuja ubaoni kumtafuta binti yake. Mwanzoni alikuwa anauliza maswali, baadaye akawa anasimama tu. Tabasamu akawa anapita njia ya nyuma.

Askari anayesimamia ule ubao hakumficha. "Mama, mvua ijayo uje na kamera inayojua kuogelea. La sivyo namchukua mtu mwenye kamera, hata kama hajui kupiga."

"Afande, kamera za namna hiyo ni ghali."

"Na mimi nikimwambia yule baba kwamba kamera ni ghali, atarudi nyumbani?"

Usiniambie habari za simu. Jaribu wewe kugusa skrini ya simu mvuani, umevaa glavu za mpira, uone kama haitampigia mama mkwe wako.

Basi akaanza kutafuta. Na hapa lazima umjue Pindo. Pindo ni fundi cherehani, chumba chake na studio ya Tabasamu vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Ni marafiki tangu wote wawili wana viuno. Mume wa Pindo ni mlinzi, analinda bohari la mbao kando ya mto, ng'ambo ya daraja, anatoka kazini asubuhi watu wanafagia. Kila asubuhi akipita mlangoni kwa Tabasamu anachungulia: "Shemeji, leo umetabasamu?" Naye anajibu, "Pita huko, unanuka mbao." Ndiyo salamu yao, miaka nenda rudi. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kuibadilisha.

Siku ya kwenda kununua kamera Tabasamu alimchukua Pindo, kwa sababu Pindo akianza kupunguza bei, muuzaji anaomba maji.

Duka la kamera za mtumba liko chini ya ngazi za jengo moja kuukuu. Mwenye duka anaitwa Jicho, kwa vile amejifunga kioo cha kukuzia kwenye paji la uso kutwa nzima, hata akila.

"Nataka ya kuvumilia mvua," Tabasamu alisema. "Na isiwe na bei ya nyumba."

"Ndivyo wote wanavyotaka, dada. Ni kama wanaotaka mume mpole mwenye gari." Jicho akainama chini ya meza, akatoa kamera tatu, akazipanga juu ya kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi kama sahani ya plastiki. "Picha zake kali, inaongea na simu. Ila raba za kuzuia maji haina hata moja. Hii ni ya kupigia keki."

"Ondoa," alisema Pindo.

Ya pili ilikuwa nzito, nyeusi, imekwaruzika kama imepigana na paka. "Huyu mzee. Megapikseli zake chache, lakini za kubandika ubaoni zinatosha na kubaki. Ana raba kwenye mlango wa betri, kwenye mlango wa kadi, chini ya kila kitufe. Na lenzi yake ina raba yake, ona hapa." Akaigeuza, akawaonyesha mduara mwembamba mweusi, nyuma pale lenzi inapoingia kwenye kamera. "Kasoro yake moja. Lenzi hii haivuti. Ukitaka uso uwe mkubwa unasogea mwenyewe, kwa miguu yako. Unapiga magoti."

Ya tatu ilikuwa mwili mtupu, bila lenzi, mpya kuliko huyo mzee. Jicho aliufunika ule mdomo wa kuingizia lenzi, akachukua chupa ya maji ya kunywa, akaumiminia wote, juu, ubavuni, kwenye vitufe. Maji yakatiririka mezani. Akaupangusa kwa shati, akauwasha. Ukawaka kama hakuna kilichotokea.

Macho yakamtoka Tabasamu. "Na lenzi yangu ya zamani itaingia hapo?"

"Itaingia, ni ya kampuni hiyohiyo. Lakini nisikilize, dada. Lenzi yako haina raba. Tena ni ya kuvuta, inarefuka na kurudi. Kila ukiivuta inanyonya hewa, ni pampu ya baiskeli ile. Nje kukiwa mvua, unadhani inanyonya nini?"

"Si umesema mwili umezibwa?"

"Umefunga mlango, dirisha umeliacha wazi. Maji hayaulizi mlango uko wapi."

Pindo akaipiga kofi begani ile ya pili, kama anayesifu ng'ombe. "Shoga, chukua huyu mzee. Ana kila kitu chake. Mwanaume wa hivi ungemwacha wewe?"

Bei zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo usije ukaniambia ni umaskini. Tabasamu aliinua ile nzito, akamlenga Pindo. Ili uso wa Pindo ujae ilibidi asogee, asogee tena, mpaka magoti yao yakagusana. Aliona vinyweleo juu ya mdomo wa rafiki yake, mshipa mwekundu kwenye jicho, uzi umenasa kwenye nyusi. Akaishusha kamera.

"Inanitaka nisogee sana hii."

"Si usogee?"

"Wewe unashona magauni, Pindo."

Huo ndio ukweli wote, na hakuusema tena popote. Harufu alishaizoea. Alichokuwa anakiogopa ni nyuso. Alijua akipiga magoti pale kwenye turubai, akamkaribia mtu vile alivyomkaribia Pindo, huyo mtu atamfuata nyumbani na kukaa kwenye stuli. Lenzi ya kuvuta ilikuwa mkono mrefu. Ilimletea uso bila yeye kwenda.

Akachukua ya tatu. Pindo alipunguza bei mpaka Jicho akavua kioo chake cha kichwani. Njiani Pindo aliuliza, "Na lile dirisha?"

"Watu wa kamera wanapenda kutisha watu ili wauze kila kitu," alisema Tabasamu. Askari naye alipouliza kwa nini lenzi ni ileile ya zamani, Tabasamu alimwambia ni habari ya bei. Kila mtu akapewa jibu lake, na jibu lenyewe likabaki tumboni.

Mvua ilipokuja, ilikuja kama ina kisasi. Mto uliingia wakati watu wamelala, ukang'oa daraja, ukaingia kwenye bohari la mbao na kulibeba zima, magogo na uzio na kibanda cha walinzi. Kulipopambazuka, nusu ya mji ilikuwa ng'ambo na nusu huku, na simu zimekufa pande zote mbili.

Mume wa Pindo hakupita asubuhi hiyo. Wala iliyofuata.

"Atakuwa ng'ambo," Tabasamu alimwambia, akiwa amesimama mlangoni kwa rafiki yake. "Daraja limekwenda, atapitaje? Yuko kule anakula kwa watu, ananenepa."

"Ndiyo, atakuwa ng'ambo," Pindo alijibu, na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa chochote kwenye sindano.

Mchana wake hospitali ikatuma mtu kumwita Tabasamu. Turubai lilikuwa limejaa mwisho hadi mwisho, na wahudumu walikuwa wanatandika lingine. Mvua ilikuwa ile ya kulala, haikazi wala haikatiki. Alivaa koti la mvua, barakoa mbili na glavu, akatoa kamera begani. Mfuko wa mkate aliuacha nyumbani. Kamera ya mvua haivishwi mfuko! Aliona kwa macho yake ikimiminiwa chupa nzima.

Wa kwanza alienda vizuri. Wa pili, wa tatu. Miguuni, mwili mzima, vuta, uso. Vuta, mikono. Rudisha. Hatua pembeni. Skrini ilikuwa imejaa matone, akaacha kuitazama. Ndiyo faida ya kununua kitu kizuri, alijiambia, hukikagui kila dakika. Baadaye akaona kwenye tundu la kuchungulia kama kuna ukungu. Akadhani ni pumzi yake, inapanda kutoka kwenye barakoa. Akafuta kile kioo kidogo cha kuchungulia kwa kidole, akaendelea. Ukungu ukarudi. Akafuta tena. Alifuta kile cha nyuma mchana kutwa. Ukungu ulikuwa mbele, ndani ya lenzi, mahali ambapo kidole hakifiki, na kila alipovuta alikuwa anauongezea.

Karibu na mwisho wa mstari alisimama miguuni kwa mtu mwenye shati la bluu lenye beji begani. Shati la ulinzi.

Akavuta lenzi. Akaona uso umevimba, matope, na ule ukungu wa pumzi yake. Walinzi wako wengi mjini, alijisemea, na kampuni ya shemeji inalinda kila mahali, na shemeji yuko ng'ambo. Mhudumu alikuwa anasubiri kumfunika. "Mama, vipi?"

"Tayari," alisema, akabonyeza, akapiga hatua pembeni.

Kwenye turubai la pili kulikuwa na mwingine, shati lilelile. Kwa huyo Tabasamu hata hakusimama sana. Mmoja angekuwa shemeji. Wawili, alijiambia, ni walinzi tu.

Wakazikwa wote kabla giza halijaingia.

Jioni Tabasamu aliingiza kadi kwenye kompyuta ya studio. Picha za mwanzo zilikuwa safi, unahesabu hata kope. Kisha katikati ya picha likaanza wingu dogo, kama mtu amepumulia dirisha. Likakua. Kufika kwenye mashati ya bluu, wingu lilikuwa limekula kila kitu, uso, mikono, hata kifua. Zimebaki pembe za picha tu: kipande cha turubai, ukingo wa shati, na kibao cha namba, kizuri, kinasomeka. Aliishika lenzi, akaielekeza kwenye taa. Ndani kulikuwa na matone madogo yametulia kwenye kioo.

Alikaa kwenye stuli. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inaenda, inaenda, kavu. Hakupiga hodi.

Kesho yake askari alizibandika hivyohivyo. "Hii nini sasa?" aliuliza, akiwa na pini mdomoni. "Hii umepiga moshi."

"Afande, lenzi iliingia maji."

"Si ulisema umenunua ya kuogelea?"

Tabasamu alimshikia karatasi iliyofuata.

Siku maji yaliposhuka, watu wakaanza kuvuka kwa mtumbwi, na waliokuwa ng'ambo wakarudi mmojammoja, wakipokewa kwa vigelegele. Mume wa Pindo hakuwamo. Aliyekuja ubaoni alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, na fimbo ya kutembelea, anakaa mtaa wa chini. Mume wake alikuwa mlinzi wa bohari lilelile, walikuwa wanalinda pamoja, mmoja akisinzia mwingine anaamka. Yeye na Pindo walikutana mbele ya ubao, hawajawahi kuonana maisha yao, na wote wawili walikuwa wameweka kidole kwenye picha zilezile mbili.

Tabasamu alikuwa amesimama nyuma yao. Safari hii hakupita njia ya nyuma, hilo tumpe.

"Shati ni lake," alisema Pindo.

"La wangu pia," alisema yule mwenye fimbo. "Walipewa siku moja. Wangu lilimbana tumbo, akawa anafungua kifungo."

"Yupi kafungua kifungo?"

Wakasogeza nyuso karibu na ubao mpaka pua zikagusa karatasi. Pale kwenye vifungo palikuwa na wingu.

Walimwendea askari. Askari akavua kofia, na ukiona askari amevua kofia ujue hana la kukusaidia. Miili ilikuwa imevimba, wote kimo kimoja, unene mmoja. Viatu hawakuwa navyo, mifukoni hamkuwa na kitu. Kufukua haiwezekani, daktari wa manispaa amekataza, anaogopa kipindupindu. Wahudumu walibeba watu wengi mno, hawakumbuki. "Mmoja yuko chini, karibu na geti. Mwingine yuko juu, kule kwenye mawe. Namba ninazo. Majina ndiyo sina, mama zangu. Poleni."

Pindo akageuka. Ndipo akamwona Tabasamu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Dirisha," alisema. "Lile dirisha la Jicho."

"Pindo..."

"Twende makaburini. Wewe ulikuwepo. Utatuonyesha."

Wakaenda watatu, polepole, kwa sababu ya fimbo. Njia ilikuwa tope tupu. Yule mwanamke mnene aliongea njia nzima, wale ni watu wanaoongea ili wasianguke. Alisema mume wake alikuwa anakoroma hivi kwamba wezi walidhani bohari lina mashine. Pindo akacheka kidogo, kicheko kikamkwama, akakohoa.

Kaburi la chini lilikuwa hatua chache kutoka getini, udongo bado mbichi, kibao kimeegemea upande. Walisimama hapo. Kule juu, kwenye mteremko, karibu na mawe, vilionekana vibao vingine vyeupe.

Pindo alimshika Tabasamu mkono, juu ya kiwiko, kwa vidole vya mtu aliyeshona miaka yote. "Shoga. Sikulaumu kamera. Kamera ni chuma. Lakini wewe ulisimama pale. Mume wangu amekusalimu kila asubuhi ya Mungu. Unamjua sikio lake, unamjua anavyokunja mdomo. Picha imeharibika, sawa. Macho yako hayakuharibika. Niambie tu. Ni huyu, au ni yule wa juu?"

Hapo Tabasamu angeweza kusema lolote. Angenyoosha kidole, na wale wanawake wawili wangeamini, na kila mmoja angepata kaburi lake na kilio chake. Nusu kwa nusu, huenda hata angepatia. Alikiangalia kile kibao, akaangalia mawe kule juu.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sikumtazama, Pindo."

"Si ulimpiga picha?"

"Nilimpiga. Nilisimama miguuni, nikavuta lenzi. Niliona lile shati nikaogopa. Nikasema si yeye. Wa pili naye nikasema si yeye. Ningeinama ningemjua." Akatazama miguu yake. "Sikuinama."

Pindo alimwachia mkono. Hakumsukuma, alimwachia tu, kama mtu anayerudisha kitambaa dukani baada ya kuona tundu.

Mchimba makaburi mmoja alikuwa anakung'uta koleo lake kwenye jiwe. Mwishowe aliyeongea ni yule mwenye fimbo.

"Basi, mwenzangu," alimwambia Pindo, "tugawane."

"Tugawane nini?"

"Waume. Tutafanyaje? Tulie wote hapa, halafu tupande wote kule, halafu tushuke? Kila siku? Sasa hivi sisi ni wake wenza, mimi na wewe. Mimi bi mkubwa, wewe bi mdogo." Alicheka peke yake, machozi yanamshuka mpaka shingoni. "Magoti yangu haya hayapandi mlima. Kupanda mara moja tu nitabaki hukohuko, mnizike naye. Wewe miguu yako mizima. Niachie huyu wa getini. Chukua wa juu."

"Na kama huyu ni wangu?"

"Kama ni wako nitamtunza. Nitampalilia. Na wewe kama wangu yuko kwako, mtunze. Ana tumbo baya, lakini mtu mzuri."

Pindo aliangalia lile kaburi la chini kwa muda. Alisogeza midomo, labda alikuwa anamuaga, labda anamwomba radhi, labda anahesabu. Kisha akakubali kwa kichwa. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa mume wa nani yuko wapi: kwa magoti. Mchimba makaburi aliitwa, akapewa majina mawili, akayaandika kwa rangi kwenye vibao viwili, akauliza kama ameandika sawasawa. Wakamwambia ndiyo.

Yule mwanamke mnene akajishusha chini polepole, fimbo ikatangulia, akakaa kwenye udongo kando ya kaburi lake, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa anasubiri mahali pa kukiweka.

Pindo alipanda. Tabasamu alimfuata mpaka katikati ya mteremko.

"Ishia hapo," alisema Pindo bila kugeuka. "Hapohapo ulipo. Ndiyo umbali wako."

Tabasamu akasimama.

Pindo akafika kwenye mawe, akatafuta kibao chenye rangi mbichi, akachuchumaa. Alitoa vijiti na majani kwenye udongo kwa mkono, kimoja kimoja, kama anayetoa nyuzi kwenye nguo ya mteja. Ni kama alikuwa na aibu, kama mtu aliyeingizwa chumba cha mgeni. Kisha akainama, mdomo karibu na ardhi, na kwa vile upepo ulikuwa unashuka, Tabasamu alisikia kila neno.

"Kama ni wewe, baba, nimefika. Usinune, daraja lilikuwa limekatika. Na kama si wewe, samahani, kaka, nimekukalia. Mkeo yuko pale getini, magoti yanamsumbua, hawezi kupanda. Anakulilia kule. Wewe ukimwona mwenzio, mwambie nimekuja."